Mahali au Mahari

Ujerumani, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao Jenestina, ambaye mwili wake ni mzima ila moyo umechoka. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomwagiza mwanao Anitha akununulie Rulenge, unaitumia, au umeiweka juu ya kabati ikisubiri mgonjwa zaidi yako? Nakujua. Na maharage je, mvua imewaachia chochote? Ng'ombe amezaa? Nauliza yote kwa mkupuo kwa sababu kwenye simu huwa unanijibu "tupo", halafu unageuza maneno na kuanza kuniuliza mimi kama nimekula.

Huku baridi imeanza kulegea. Ninakula, ninalala, chumba kina joto, hilo lisikusumbue. Nilianza barua hii kwa Kihangaza nikakwama mstari wa pili. Shule ilitufundisha kuandika Kiswahili tu, Kihangaza kikabaki cha mdomoni. Kwa hiyo soma polepole, na ukikutana na Kiswahili changu cha kishule, cheka kidogo kabla hujaendelea, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Umeniuliza zaidi ya mara moja kazi yangu hasa ni nini, nami nikawa nakujibu "ya kompyuta, Mama", kama mtu anayefukuza nzi. Nilikosea. Sasa kazi hiyo imeingia nyumbani kwako bila kupiga hodi, na sina budi kukueleza.

Zamani walipita kwetu watafiti wakiwarekodi wazee kwenye kanda. Walitaka kujua watu walihamaje, waliishije, waliwapokeaje wageni. Kanda zililetwa huku zikafungiwa kwenye maboksi, na miaka yote hiyo hakuna aliyezisikiliza, maana huku nani angewaelewa? Sasa chuo kina programu ya kompyuta ambayo ukiipa sauti, yenyewe inaandika kila neno. Ikishaandika, mwanahistoria anaweza kutafuta neno moja tu, tuseme "njaa", naye akaonyeshwa kila mzee aliyelitaja na mahali alipolitaja. Kazi ya kumzeesha mtu inaisha chai haijapoa.

Ila mashine hiyo ilijifunza Kiswahili cha redioni. Ilipowasikia wazee wa kwetu Keza ilichanganyikiwa kabisa. Ndipo wakatafuta mtu wa kwetu, wakanipata mimi niliyekuwa nasoma hapahapa. Kazi yangu ni kukaa na hedifoni masikioni. Mstari mmoja unatokea, nasikiliza, na kama mashine imeandika sawa nabofya alama ya kijani. Ikikosea naandika upya. Hivyo kutwa nzima: kijani, kijani, kijani. Ukichoka, kidole kinaenda chenyewe.

Siku niliyompata Babu, baba yake Baba, ilikuwa asubuhi, Jumanne. Kanda ilianza kwa kuku kulia na mtu kukohoa, na kabla hajataja jina lake nilikuwa nimekijua kikohozi kile. Kisha akasema, "Uliza polepole, bwana. Mbona unaniuliza halaka halaka?" Mama, niliruka kwenye kiti. Alifariki nikiwa darasa la nne na nilidhani nimeshaisahau sauti yake. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza kama nimepata taarifa ya msiba. Nikamwambia hapana, nimempata babu yangu.

Na mashine ilikuwa imemwandika vizuri ajabu. Aliposema "halaka" iliandika "haraka". Aliposema "balua" iliandika "barua". Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi. Mwezi wa kwanza tu niliwaambia kwamba kwetu l na r haziachani, na fundi wa kompyuta akaifundisha mashine kuzirekebisha. Nilijiona mtu wa maana kweli. Nikabofya kijani mpaka mwisho wa kanda, na ukurasa ulipowekwa wazi mtandaoni nikautuma kwenye grupu la familia, sauti pamoja na maandishi, na juu yake majigambo yangu: "Msikieni Babu akiongea kutoka Ulaya!" Wa kwanza kujibu alikuwa Baba mdogo Sospeter. Aliweka ile mikono ya kushukuru. Nikasema moyoni, kumbe mdogo wake Baba ana roho nzuri, tulikuwa tunamwonea.

Tangu tumzike Baba mwaka jana, Baba mdogo alikuwa akinung'unika pembeni kwamba wewe hukuolewa, kwamba shamba ni la ukoo. Alinung'unika tu, hakuwa na pa kushikia. Mimi ndiye niliyempa mpini.

Mstari wenyewe nimeusikiliza mpaka naweza kuukohoa kama Babu. Mtafiti anamuuliza walikaaje na watu waliotoka ng'ambo, Burundi. Babu anajibu, anakutaja na wewe, na mashine imeandika hivi: "Watu wa ng'ambo tumekaa nao vizuri. Baba yake Verediana mimi mwenyewe nilimpa mahali nzuri, hakulalamika."

Mahali. Baba mdogo alikwenda kuuchapisha ukurasa ule stationari Rulenge, nembo ya chuo ikiwa juu kabisa, akaitisha kikao cha ukoo hapo uani kwako. Anitha alinisimulia yote kwa sauti aliyonitumia kesho yake. Anasema Baba mdogo aliinua karatasi akasema, "Someni wenyewe. Haya si maneno yangu, ni ya mzee. Alisema mahali. Kasema wapi mahali ya ng'ombe? Baba yake alikalibishwa, akapewa pa kukaa, na binti yake akakaa humohumo. Sasa aliyemkalibisha amekufa na mtoto wake amekufa. Mgeni naye ana mwisho wake." Wazee wakaipokea karatasi mmoja baada ya mwingine, hata wasiojua kusoma. Nikamuuliza Anitha wewe ulisema nini. Akanijibu, "Mama? Aliinuka akaenda kuwawekea chai."

Nilizima simu. Watu wanakuja kukutoa nyumbani kwako, na wewe unawatafutia vikombe.

Sikiliza tena alivyosema Baba mdogo. Anitha aliigiza kila neno, na ndani ya maneno yaleyale Baba mdogo alitamka "mahali" mara mbili, moja akiwa na maana ya pa kukaa na nyingine akiwa na maana ya ng'ombe! Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesikia, maana kwetu yote ni neno moja, na anayesikiliza anajua mwenyewe unachosema.

Nilirudi kwenye kanda nikijua nitakuta kosa la mashine. Kwa kila mstari kompyuta inahifadhi jina la aliyeuthibitisha. Pale pameandikwa Jenestina. Kijani. Mwanao mwenyewe aliona "mahali" ikipita mbele ya macho yake, akasikia kitu kilekile alichokiona, akabofya. Unakumbuka mwalimu wa darasa la tatu aliyekuwa akituweka mstarini tuseme "kura" na "kula", na anayekosea anabaki amesimama mpaka kengele? Mimi nilikuwa nasimama kila siku. Nilijifunza kuandika vizuri, lakini sikio sikuwahi kulibadilisha. Ni sikio la Keza. Huku walinilipa kwa ajili ya sikio hilo, na hilo ndilo lililokuuza.

Nilikwenda kwa Profesa anayesimamia kazi yetu. Ni mama wa makamo, mtaratibu. Alinipa kiti, akamwita na fundi, wakanisikiliza bila kunikatiza. Ningependa wangekuwa watu wabaya, ningepata pa kumalizia hasira.

Fundi alifungua picha ya sauti ya Babu, akaweka kidole. "Hapa ni l. Hakuna shaka."

"Najua ni l," nikamwambia. "Babu hakuwa na r hata moja. Mbona kwenye vizuli na nzuli mmemrekebisha, na kwenye mahali mkamwacha?"

"Kwa sababu vizuli si neno," Profesa akasema. "Mashine ikikuta kisicho neno inakirekebisha. Mahali ni neno. Na mazungumzo yalikuwa ya wageni na makazi, kwa hiyo maneno ya jirani yanaelekea huko."

Nikakumbuka kitu, nikasimama kabisa. Alisema "nzuri"! Mahali ni pazuri. Kinachokuwa nzuri ni mahari. Profesa alinyanyua uso, nikaona naye amefurahi, kweli alifurahi, akamwambia fundi atafute kwenye kanda nzima. Haikuchukua hata dakika. Mbele kidogo Babu anaeleza walikotoka wao zamani: "Tulipata mahali nzuli, maji kalibu." Hapo hakuna ng'ombe wala ndoa, ni mahali pa kukaa tu, na kasema nzuri. Mama, kwetu nani anasema pazuri? Hata mimi nasema pazuri nikiwa na kalamu mkononi tu. Nikakaa chini.

Nikawaomba basi waniruhusu nibadilishe mimi, kama mzawa. Profesa alikataa. "Wewe ni binti yake," akasema. "Nikikuacha ubadilishe mstari unaogusa nyumba yenu, kesho mtu atauliza ni mingapi mingine umeibadilisha, na kanda zote za wazee wenu zitakosa thamani." Aliyoyasema ni kweli. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba ni kweli. Walichonipa ni maelezo madogo chini ya mstari: neno hili linaweza kuwa mahali au mahari. Anitha alipomwonyesha Baba mdogo, unajua alichosema: "Umeona? Hata wao hawajui. Mimi niwajue vipi ng'ombe ambao Wazungu wenyewe hawakuwaona?"

Nimekaa nikafikiri jinsi ambavyo kitu kidogo tu kingetosha. Kama yule mtafiti angemwacha Babu aongee Kihangaza, mahari angeiita inkwano, na inkwano haifanani na pa kukaa hata ukiitamka ukiwa na jipu mdomoni. Lakini alitaka Kiswahili ili aelewe yeye. Babu akajikongoja na Kiswahili chake kumridhisha mgeni.

Lipo lingine, nalo naona aibu kuliandika. Fundi alinionea huruma. Siku mbili baada ya sisi kukaa na Profesa aliniita kwenye meza yake akasema amepata njia ya kulinganisha. Kompyuta siku hizi ikishamsikia mtu kwa muda inaweza kuiga sauti yake na kumsemesha maneno ambayo hakuyasema. Alikuwa amemsemesha Babu mara mbili, mara ya kwanza mahali, mara ya pili mahari, ili tuone ipi inafanana na kanda. Akabonyeza. Nikamsikia Babu, na kikohozi chake, na pumzi yake ya tumbaku, akisema wazi kabisa: "Nilimpa mahari nzuri."

Nilimwomba anitumie. Alinitumia, hakujua ninataka nini. Nilitembea nayo kwenye simu tangu asubuhi hadi jioni, na nakuapia Mama, nilishaanza kumwandikia Anitha aipeleke kwa wazee. Nilikuwa tayari kudanganya kwa mdomo wa marehemu. Kilichonizuia si dini wala kazi. Nilipoisikiliza mara ya mwisho kabla ya kutuma nilisikia ile r. Ilikuwa inakwaruza, safi, kama ya mtangazaji. Babu na r wapi na wapi? Wewe ungejua kwa neno la kwanza. Baba mdogo angejua, na angesimama kwenye kikao akasema huyu si baba yangu, na angekuwa anasema kweli kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikaifuta.

Kwa hiyo sina kitu. Najua Serikali ina sheria yake, kwamba waliokaa pamoja miaka yote hiyo ni mume na mke, ng'ombe au bila ng'ombe. Nilikuomba twende mahakamani ukakataa. Ulisema huwezi kuwashitaki watu waliokupokelea watoto wakizaliwa na waliochimba kaburi la mumeo. Ndoa ya kanisani Baba aliiahirisha, mwaka kesho, mwaka kesho, mpaka miaka ikamwisha. Mshenga alikufa. Baba yako aliyewapokea ng'ombe alikufa, na kaka zako walirudi ng'ambo, hatujui hata kijiji. Limebaki neno lako peke yake, nalo kwao ni neno la mgeni.

Na sasa nifike kwenye lile lililonikalisha leo niandike.

Nimelisikiliza neno lile mara nyingi mno. Mwanzoni nilisikia mahari. Kisha nikasikia mahali. Kisha likaacha kuwa neno, likawa sauti tu inayopita. Ndiyo maana Alhamisi nilipokupigia, baada ya kuuliza goti na mvua, mdomo wangu ukatoka: "Mama, kweli lakini ng'ombe walitoka?"

Nilisikia mtu akitwanga kwa jirani. Halafu ukasema, "Hata wewe?" Ukakata simu, na tangu siku hiyo hupokei.

Mama, nisamehe. Sikuwa na shaka nawe, nilikuwa na shaka na masikio yangu, lakini kwako yote ni mamoja na una haki. Miaka yote wewe ndiye uliyetuambia habari za siku ile, ng'ombe walivyoogopa daraja, bibi alivyokataa kula mpaka wafike zizini. Nimeisikia hadithi hiyo nikiwa mgongoni mwako. Kisha nikaenda kuiuliza mashine, na nilipoona mashine haijui, nikakugeukia wewe kama hakimu. Sina la kujitetea. Laiti ungenitukana.

Humu ndani kuna karatasi ya pili, nimeiandika kwa mkono na kuweka sahihi. Inasema kwamba mimi ndiye niliyeithibitisha kanda ile, kwamba nilikosea, na kwamba sikio langu halitenganishi l na r, kama la Babu na kama la kila aliyekaa kwenye kikao kile. Anitha aisome mbele ya wazee siku watakapokaa kutoa uamuzi. Nasikia ni wiki mbili kutoka leo. Najua watakachosema: huyu ni binti, tena wa mama huyohuyo, tena yuko Ulaya. Aisome hivyohivyo. Likizo nimeomba nimenyimwa, na hata ningepewa, ningekuja kusimama hapo uani niseme nini ambacho karatasi haisemi?

Nisalimie Anitha na shemeji, baba watoto wake, pamoja na majirani zao wote wa Nyamigogo. Mwambie asinitumie tena sauti ya kikao chochote akiwa analia, anieleze akishamaliza. Mjomba wa jirani anayekutengenezea paa, shikamoo yake. Mama mlezi wangu wa ubatizo pale Rulenge, shikamoo yake na aniombee. Na Baba mdogo Sospeter naye mpe shikamoo yangu. Ni baba yangu, sina mwingine aliyebaki. Akiitikia marahaba nijulishe. Asipoitikia, usinijulishe.

Barua hii anakuja nayo Sista mmoja wa kwetu aliyekuwa akisoma huku, anasafiri keshokutwa. Nimemwomba akishafika Rulenge asipande pikipiki moja kwa moja kuja Keza. Aulize kwanza kama bado uko nyumbani, au umehamia kwa Anitha. Jana alipokuja kuiulizia nilimwonyesha bahasha ikiwa bado tupu, akaigeuza akaniuliza mbona haijakamilika. Nimeandika jina lako tu, Mama. Mahali nimepaacha wazi.

Ni mimi mwanao,
binti wa Verediana, mke wa baba yangu,
Jenestina